Ruzuku ya utafiti wa kifua kikuu

Swali: Sisi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Temeke. Tunataka kujaribu kukusanya makohozi sokoni alfajiri, kabla biashara haijachanganya. Andiko letu limekataliwa mara mbili. Tumekosea wapi?
Msomaji, Temeke

Jibu: Wazo ni zuri mno, msiliache. Mara nyingi kinachoangusha andiko ni kukosa takwimu za kuanzia. TB REACH, mfuko wa Stop TB Partnership (ushirikiano wa kimataifa dhidi ya kifua kikuu) unaofadhili mbinu mpya, hutaka kujua ni wagonjwa wangapi zaidi waliogunduliwa. Basi chukueni kwenye rejista za vituo vyenu idadi ya waliogunduliwa kila robo mwaka, na muoneshe eneo jirani la kulinganisha.

Kisha bajeti. Wengi huandika posho na semina, wakasahau katriji za GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu kwenye makohozi; kila kipimo hutumia katriji moja. Wekeni za akiba, maana vipimo vingine hufeli na kurudiwa. Kila kikopo kiwe na angalau mililita 1 ya makohozi, si mate. Wekeni na nauli ya bodaboda na kasha la baridi, nyuzijoto 2 hadi 8. Sampuli ikipigwa jua kwenye foleni inaharibika.

Kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiombeni mapema, kabla ya kutaja tarehe ya kuanza. Na mshirikisheni mratibu wa kifua kikuu wa wilaya tangu mwanzo: atakayekutwa na ugonjwa lazima aanze dawa.