Mama ameambiwa vimeng'enya vyake vimekwisha

SWALI: Assalamu aleikum daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Wete. Kila akinywa chai ya maziwa tumbo humjaa gesi na kunguruma hadi usiku. Muuza dawa mmoja kamwambia vimeng'enya vyake vimekwisha, akamuuzia unga wa papai bichi, anywe kijiko asubuhi kabla hajala kitu. Eti unayeyusha na mafuta ya tumbo. Je, aendelee?

JIBU: Waaleikum salaam. Asiendelee.

Vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazosaga chakula, si mafuta ya taa kwenye kibatari, useme vimekwisha. Mate, tumbo, kongosho na utumbo mwembamba huvitengeneza kila siku. Kinachopungua kwa kawaida ukubwani ni kimoja, laktasi, kinachovunja sukari ya maziwa. Hilo huwapata takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani, na si ugonjwa. Sukari isiyovunjwa hufika utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, ndiyo hiyo gesi. Papai halina laktasi hata chembe.

Sasa huo unga. Papaini, kimeng'enya cha papai bichi, hukata protini. Ndiyo maana nyama ngumu ikipakwa utomvu wake hulainika, na anayemenya mapapai mabichi mengi vidole humwasha. Mafuta haiyagusi. Isitoshe, mafuta ya kiunoni yako chini ya ngozi, na chakula kinapita ndani ya utumbo, vitakutana wapi? Halafu eti anywe kabla ya kula! Tumbo tupu ndipo tindikali inapokuwa kali kabisa, pH chini ya 2, na papaini nyingi huharibikia hapo hapo, tena hakuna hata tonge ya kuisaga. Wagonjwa ambao kongosho lao limeharibika kweli tunawapa vimeng'enya, lakini ndani ya vidonge vilivyofunikwa ili tindikali isiviue, na wanavimeza pamoja na chakula. Muuza unga hayo hayajui, au anayajua akanyamaza.

Mama aache maziwa mabichi na ya chai kwa wiki mbili. Akipata nafuu, ajaribu nusu kikombe pamoja na mkate. Wengi wanakimudu kiasi hicho. Mtindi humkalia vizuri zaidi, kwani bakteria wamekwishakula sehemu ya ile sukari. Tui la nazi halina laktozi, yaani hiyo sukari ya maziwa, kwa hiyo asikatazwe mchuzi wake. Na dagaa wakavu wanaoliwa na miba watampa kalsiamu.

Ninachokiogopa zaidi ni makopo haya yasiyo na jina la mtengenezaji wala usajili wa ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar), yanayouzwa kwa kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kisukari, mjamzito. Utomvu wa papai bichi mjamzito auepuke. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya papaini, maana vinaweza kuizidisha nguvu. Na wengine hunywa "kisafisha tumbo" miezi kadhaa huku kidonda kikiendelea kuchimba ndani, wanafika hospitali wamekwishapungukiwa damu.

Mama akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu, akikonda bila sababu au chakula kikimkwama kooni, msimpimie maziwa wala mtindi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.