Fayawoli inabloka kila siku: msiichomoe kwanza

Swali: Bwana fundi, tuna ofisi ndogo ya transiti hapa Lubumbashi, komputa 12. Fayawoli yetu (kifaa kinacholinda mtandao wa ofisi dhidi ya intaneti) inabloka mara mbili kwa siku: taa zinawaka, lakini intaneti imekufa, hata ukurasa wake wa kuiongoza haufunguki. Tukiichomoa na kuirudisha kwa umeme, inatembea saa nne ao tano, kisha inabloka tena. Fundi aliifanyia reseti (kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani), ikapona siku mbili. Sasa anasema tuitoe, komputa ziingie moja kwa moja kwenye modemu, ao tununue kubwa zaidi. Tufanye nini? (Mama mmoja, Kampemba)

Jibu: Mama, msiitoe, wala msinunue nyingine bado. Kesho ikibloka, mtu yeyote asiguse waya wa umeme kwa dakika kumi.

Kuzima na kuwasha si dawa. Ninalirudia hili karibu kila wiki. Vifaa vingi vidogo huandika kumbukumbu zake (maandishi ya yaliyotokea) kwenye RAM, chipu isiyohifadhi kitu bila umeme, na umeme ukikatika zinafutika zote. Kila mnapochomoa, mnachoma ushahidi wenyewe. Reseti ni mbaya zaidi, kwa sababu inafuta pia kanuni zilizowalinda, na zile siku mbili za "kupona" huenda ni jedwali la miunganisho (orodha ya mawasiliano yote yanayopita kwenye fayawoli) lililoanza upya likiwa tupu.

Ninashuku jedwali hilo kuliko kitu kingine, kwa sababu ugonjwa wenu unakuja baada ya saa kadhaa za kazi. Kila ukurasa unaofunguliwa unachukua nafasi ndani yake. Kwenye pfSense, programu moja ya fayawoli, nafasi moja hula karibu kilobaiti 1, na kifaa cha RAM ya GB 1 kimepangiwa kama nafasi 100,000. Kwenye vifaa vingi vinavyoendeshwa na mfumo wa Linux, muunganisho wa TCP (aina ya kawaida, kama ya kufungua kurasa) ulioachwa kimya unaweza kushika nafasi yake sekunde 432,000, yaani siku 5, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio. Komputa moja yenye virusi inayogonga milango ya dunia nzima inatosha kujaza yote. Likijaa, miunganisho mipya inakataliwa, na ule ukurasa wa kuiongoza nao haufunguki. Mtaona kifaa kimekufa, kumbe kiko hai.

Kwa hiyo, katika zile dakika kumi, chomekeni waya wa konsoli (unaounganisha komputa moja kwa moja na fayawoli, bila kupitia mtandao) na mbonyeze Enter. Ikijibu, hesabuni miunganisho: kwenye pfSense ni amri pfctl -si, na kwenye Linux tafuteni maneno "nf_conntrack: table full". Kisha tazameni ni anwani gani ya ndani (namba ya komputa ya ofisini) inayoshika maelfu ya nafasi, mkaing'oe hiyo komputa kwenye mtandao. Mkinunua fayawoli kubwa bila kuitafuta, virusi vitapata tu chumba kikubwa zaidi.

Konsoli ikinyamaza kabisa, geukieni umeme na joto. Taa kuwaka hakuthibitishi chochote, kwani taa hula umeme kidogo sana. Someni maandishi ya adapta: nimekuta mara nyingi ya 12 V 2 A imebadilishwa na ya 12 V 1 A ya sokoni, kwa sababu plagi iliingia. Inashikilia asubuhi, kazi ikiongezeka inalegea. Na umeme wetu unapokatika na kurudi kwa kishindo, halafu jenereta, adapta ndiyo inayoumia kwanza, wekeni onduleri (UPS, kifaa chenye betri kinachotuliza umeme). Vumbi jekundu la kiangazi nalo hulala kwenye matundu ya hewa, lipulizwe.

Kumbukumbu zitumwe kwa komputa nyingine kwa syslog (njia ya kutuma kumbukumbu kupitia mtandao), kuanzia leo, zisipotee umeme ukikatika.

Kuhusu huyo fundi: anayewaambia muitoe fayawoli hajatibu, amewavua nguo barabarani. Nyinyi mna hati za wateja na nywila za forodha. Nimeingia ofisi nyingi za mji huu baada ya mafundi wa namna hiyo, nikakuta kanuni moja tu inayoruhusu kila kitu, nywila bado ni admin, ukurasa wa kuongoza umefunguliwa kwa intaneti nzima ili yeye arekebishe akiwa nyumbani, na programu ya leseni iliyovunjwa isiyopata masasisho. Intaneti ilienda haraka, wote wakamshukuru. Leo hii, kabla hata ya kutafuta virusi, badilisheni nywila na mhakikishe ukurasa huo haufunguki kutoka nje: jaribuni kwa simu yenye data yake, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ukifunguka, ufungeni kwanza.