Umeniuliza kuhusu santuri za mjomba wako

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, asubuhi nikaurudia tena. Unasema umemsikia Gil Scott-Heron, yule mwimbaji wa Marekani, kwa rafiki yako huko Leeds, watu wanacheza, ukakumbuka sebule ya babu yako, na sasa unataka nikwambie ule muziki ulimsaidia nani hasa, maana waliyoyaimba kina Gil mwaka 1974, ufukara, ulevi, serikali kudanganya watu wake, yote bado yapo. Swali lako nimelielewa. Ila habari za dunia nzima mimi siziwezi, mimi nesi, najua mgonjwa mmoja mmoja. Naweza kukwambia ulinifanya nini mimi.

Kwanza ujue soul, muziki wa Wamarekani weusi, hapa Dar iliwahi kupigwa marufuku, mwishoni mwa 1969, ikasemwa ni mambo ya kigeni yanaharibu vijana, na mimi hapo nina miaka 14 naupenda kufa. Alafu mjomba wako anarudi kutoka melini na santuri ya Herbie Hancock, mpiga piano wa jazz wa huko huko Marekani, ya 1971, jina lake Mwandishi. Mwandishi! Tukakaa sakafuni tunasoma jalada, wapigaji karibu wote wana jina la Kiswahili, kuna Mchezaji, kuna Jabali, kuna Pepo Mtoto, na wa tarumbeta, Eddie Henderson, anaitwa Mganga, na kumbe huyo Mganga ni daktari kweli, kasomea udaktari kabisa. Nilicheka mpaka babu yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Utaniambia Kiswahili chao kilikuwa cha kuokota vitabuni, sawa, hata kaka alisema hivyo hivyo. Lakini hebu fikiria, sisi tunaambiwa muziki wao hautuhusu, na wao huko wanakuja kujitafutia majina kwenye lugha yetu. Nilitembea wiki nzima najiona mtu.

Nimekwambia tangu uko mdogo, muziki wa namna ile ni dawa ya miti shamba, unakunywa leo inafanya kazi ukishasahau kama ulikunywa. Wewe mwenyewe ulikuwa unapiga yule rapa Common chumbani kwako, ule wimbo wa The People, nikaja mlangoni nikakwambia hicho kinanda ni cha kina Gil, cha We Almost Lost Detroit cha 1977, ukanibishia. Wimbo wa kinu cha nyuklia karibu na Detroit kilichopata ajali 1966! Nani anaimba habari za kinu cha nyuklia taratibu vile mpaka mtoto wa Dar es Salaam anatingisha kichwa miaka 30 baadaye?

Basi. Santuri unayoiulizia ni Winter in America, Gil na mwenzake Brian Jackson, kaka aliinunua Baltimore, Marekani. Alikuwa anajivunia kwamba iliyoitoa, Strata-East, ni kampuni ya wanamuziki wenyewe, Charles Tolliver na Stanley Cowell ndo waliianzisha 1971, akawa anamwambia babu yako ujamaa ndo huu mzee, na babu yako anajibu ujamaa gani wenye filimbi. The Bottle ni wimbo wa kwanza upande wa pili. Unaujua, ukianza hakuna anayebaki kwenye kiti, ile filimbi ya Brian Jackson inakuvuta mguu kabla hujajua wanasema nini.

Sasa harusi ya mama yako mdogo, Magomeni, 1981. Kila mtu kwenye familia anaisimulia ile harusi kwa sababu ya mvua na turubai kuanguka, mimi siikumbuki kwa hilo. Kaka ndo alikuwa anaweka santuri. The Bottle ilichezwa mara tatu, nne, watu wanapiga kelele rudisha, rudisha, anarudisha. Mara ya mwisho akanivuta mkono akanipeleka barazani, anatetemeka vidole, nikadhani ni baridi ya mvua, akaniuliza, mdogo wangu, unajua huyu anaimba nini? Nikasema sijui, nacheza. Akanieleza. Kwamba Gil alikuwa anaishi karibu na Washington, na kila asubuhi anawaona watu wamepanga foleni duka la pombe wameshika chupa tupu, akaenda akakaa nao akawauliza mmoja mmoja wamefikaje pale. Na wale watu walikuwa na kazi zao zamani, na watoto wao. Akasema, hawa wanaocheza wote hawajui wanachezea nini.

Nikamwambia, kaka acha kutuharibia sherehe. Nikarudi ndani.

Hayo ndo maneno yangu, mwanangu, hivyo hivyo nilivyosema. Yaliyofuata Tanga unayajua na sitayarudia hapa. Mimi wakati ule tayari ni nesi wa miaka mitatu, mikono ikitetemeka vile ningeiona kwa mgonjwa yeyote wodini ningejua. Kwa kaka yangu nikaona baridi.

Kwa hiyo unaponiuliza ulimsaidia nani, mtu wa kwanza anayenijia ni yeye, na yeye haukumsaidia. Aliuelewa kuliko sisi wote na haukumsaidia. Wala Gil mwenyewe, maana unajua aliishia kwenye kokeini, akafungwa, yeye aliyeimba tangu 1971 habari za mtu asiyeweza kurudi nyumbani kwa sababu ya dawa za kulevya. Alifariki Mei 2011, nilikupigia simu siku ile ukashangaa mama analia kwa ajili ya Mmarekani. Kuna siku nakaa nasema basi ni maneno tu, maneno na ngoma nzuri.

Alafu najibishana mwenyewe. Maana baada ya msiba wa kaka, kila mlevi aliyeletwa wodini, wenzangu wanamsonya, wanasema kajitakia, mimi nilikuwa navuta kiti. Nauliza, ulikuwa unafanya kazi gani? Nani alikufa? Basi tu, namuuliza na namsikiliza. Miaka 27 mpaka nastaafu. Na sikujifunza chuoni hilo, chuoni tulifundishwa ini. Nililijifunza barazani Magomeni kutoka kwa mtu aliyelijifunza kwenye santuri, kutoka kwa mtu aliyekwenda kukaa na watu wa foleni. Wangapi walipona sijui kukwambia, wengi walirudi, wengine walirudi kwenye machela. Lakini mmoja yuko hapa hapa mtaani, ana bucha, kila Idi ananiletea nyama, na hajui hata Gil ni nani.

Unaona sasa. Wewe unataka niseme ulibadilisha au haukubadilisha, na Mungu anajua natamani sana kusema ulibadilisha, ulimi uko hapa mdomoni. Nikikumbuka yule wa bucha nasema ndiyo. Nikikumbuka vidole vya kaka nashindwa. Dawa ya miti shamba, nasema kila siku, ila kuna mgonjwa hana muda wa kuisubiri ikolee.

Santuri ninayo bado, iko kwenye kabati la babu yako, chini ya mashuka, jalada limeliwa na mende pembeni lakini yenyewe nzima. Mashine ndo hakuna. Ukija Desemba njoo nayo, hata ile ndogo ya begi. Usinitumie kwenye simu, nakujua, sitaki kwenye simu. Ile santuri inaanza na kuishia kwa wimbo ule ule, Peace Go with You, Brother, anamtakia ndugu yake aende na amani. Ule wa mwanzo nimeusikia mara mia. Wa mwisho sijawahi kuusikia hata siku moja, kwa sababu kila tukigeuza upande wa pili inapigwa The Bottle, ikiisha tu watu wanapiga kelele rudisha, na kaka anainua sindano anarudisha.

Mama yako