Daraja Lililosokotwa na Upepo

SWALI: Je, ni kweli daraja la Tacoma Narrows, Marekani, liliangushwa na upepo tu?

JIBU: Ndiyo, tena haukuwa kimbunga. Tarehe 7 Novemba 1940, miezi minne baada ya kufunguliwa, upepo wa takriban kilomita 64 kwa saa ulitosha. Sakafu ilikuwa nyembamba mno: upana mita 12 kwa urefu wa mita 853 kati ya minara, na pembeni mabamba ya chuma yasiyo na matundu, kimo mita 2.4. Upepo haukuwa na pa kupenya. Kibano cha kebo, yaani kamba nene ya chuma iliyobeba daraja, kilipoteleza, daraja likaanza kujisokota, na kila msokoto ukachota nguvu zaidi kutoka upepo uleule. Daraja jipya la 1950 lilipewa fremu za pembetatu zenye kimo cha mita 10, pamoja na nyavu za chuma sakafuni za kupitisha hewa.