Kosa dogo liitweje kwa Kiingereza?

Swali: Kazini naandika barua pepe nyingi kwa Kiingereza. Juzi nilimtumia mteja ratiba, na kwenye tarehe nikaandika 13 badala ya 31. Nilipogundua nikamwandikia: "I apologise for my blunder." Mwenzangu alipoisoma alicheka, akasema nimejishtaki mwenyewe. Kamusi yangu inasema "blunder" ni kosa, "mistake" ni kosa, "error" ni kosa, na "slip" nayo ni kosa. Nitajuaje lipi ni lipi? Na "fumble" na "bungle" zinaingia wapi?

Jibu: Mwenzako alisema kweli, ingawa kicheko angekiweka akiba. "Blunder" ni kosa zito la kizembe, la mtu aliyekwenda kama kafumba macho. Wachezaji wa sataranji wana kipimo chake kabisa: wanapochambua mchezo, hatua mbaya huwekewa alama moja ya kuuliza, na "blunder", kama kumwacha malkia wako aliwe bure, huwekewa mbili. Kubadilisha 13 na 31 hakufiki hata alama moja.

Kinachokuchanganya ni neno letu "kosa". Ni gunia kubwa: limebeba kosa la hesabu, kosa la tahajia na kosa la jinai. Lakini jisikilize unapozungumza. Ni mara ngapi unasema "nimefanya kosa"? Mara nyingi unasema nimepitiwa, nimeteleza, nimechapia, nimeboronga, nimevurunda. Sisi uzito wa kosa tunaubebesha kitenzi. Kiingereza kwa sehemu kubwa kinaubebesha nomino. Kwa hiyo ninapohariri sianzi na kamusi. Kwanza najiuliza: hili ningelisemaje kwa Kiswahili, kwa kitenzi gani? Nikishakipata, neno la Kiingereza huwa halipo mbali.

Ukisema "nimepitiwa", yaani jambo lilikuwa mbele yako na jicho halikuliona, neno ni "oversight". Ni neno la heshima, linafaa sana ofisini, lakini lina mtego. "Oversight" hiyo hiyo ina maana ya usimamizi. Ukiandika "because of the manager's oversight", msomaji hajui kama meneja alisimamia au alipitiwa. Andika "an oversight on my part", utata unaisha.

Ukisema "nimeteleza", neno ni "slip". Sharti lake ni kwamba ulijua lililo sahihi, ila mkono au ulimi ukaenda kwingine. Ndiyo maana kuna "slip of the tongue" na "slip of the pen", na ndiyo maana halitishi mtu. Hata sisi tunasema kuteleza si kuanguka. Mwanasaikolojia James Reason, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu makosa ya binadamu, alilitenga vizuri: "slip" ni pale unapokusudia jambo sahihi lakini ukalitenda sivyo, "lapse" ni kumbukumbu kukutupa njiani, na "mistake" ni pale ulipotenda vilevile ulivyopanga, kumbe mpango wenyewe ndio mbovu. Yote matatu akayaweka chini ya mwavuli wa "error".

Usishangae ukikuta walimu wa lugha wanayapanga tofauti. Mwaka 1967 mwanaisimu S. P. Corder alipendekeza kwamba "mistake" iwe ule mtelezo ambao mwanafunzi anaweza kuusahihisha mwenyewe, na "error" iwe kosa linaloonyesha kwamba kanuni yenyewe bado hajaipata. Kwa hiyo "mistake" ya Reason na ya Corder ni kama haziko upande mmoja wa mto. Nje ya taaluma hizo watu hawagawi hivyo. "Mistake" ni neno la kila siku linalobeba karibu kila kitu. "Error", lililotokana na neno la Kilatini la kutangatanga, lina ubaridi wa mashine na mahesabu. Kompyuta hukutolea "error", haikutolei "mistake".

Kuna kosa jingine ambalo Kiswahili kinatusukumia, na nalikuta kila wiki: "It's my mistake" na "It's my fault". Kwetu zote mbili ni "kosa langu". Ila "mistake" ni kitu ulichokosea, na "fault" ni lawama. Mtu anaweza kubeba "fault" ya jambo alilofanya mwingine, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtuma. Ukiandika "fault" kwa mteja, umejitwisha dhamana. Lipime kwanza. Tena, kwa kuwa "kufanya" yetu inafanya kazi ya "do" na ya "make", wengi huandika "I did a mistake". Kinachokubalika ni "make". "Commit" hupokea "error" na "blunder", lakini inasikika kama hati ya mashtaka.

Sasa "fumble" na "bungle". Asili ya "fumble" ni mikono: ni kupapasapapasa kwa shida, kama anayetafuta tundu la funguo gizani. Katika futiboli ya Kimarekani ni mpira kumponyoka mchezaji aliyekuwa ameushika. Jambo la kukumbuka ni kwamba "fumble" ni ya dakika tu. Unaweza kuuokota mpira ukaendelea. "Bungle" ni kuboronga kazi nzima, na "botch" ni kuiharibu kwa kulipua, ukaacha matokeo yanayoonekana. Anayeangusha vitu kila mara huitwa "butterfingers", vidole vya siagi, na nakiri sina tafsiri inayofurahisha hivyo.

Kosa la mdomo mbele za watu ni "gaffe". Mara nyingi kilichosemwa ni kweli tupu, ila hakikupaswa kusemwa hapo. Na yule anayechapia kwa kuchukua neno linalofanana kwa sauti na lile alilotaka, kosa lake huitwa "malapropism", kwa jina la Mrs Malaprop, mhusika wa tamthilia ya Sheridan ya mwaka 1775.

Turudi kwenye 13 yako. Ikiwa ulijua ni 31 na vidole ndivyo vilivyokusaliti, hilo ni "typo". Ikiwa uliamini kweli kwamba ni 13, usilifiche ndani ya "typo", kwa sababu mteja anaweza kuwa na barua yako nyingine yenye tarehe hiyo hiyo. Hapo ni "mistake". "My bad" waachie marafiki. Mimi ningeandika hivi: "The correct date is the 31st, not the 13th. Sorry for the typo." Tarehe imetangulia, kwa sababu ndiyo anayoihitaji.