Tiba ya mtoto mwenye usonji, Dar

Pole dada. Umesema mwanao mwenye usonji (autism) ana miaka 3, hajaanza kuongea, na kila kituo cha tiba ulichopiga simu wanasema nafasi zimejaa. Nenda Muhimbili, uliza watu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, wanaomsaidia mtoto kujifunza shughuli za kila siku) na kliniki ya afya ya akili ya watoto. Beba kadi ya kliniki na video fupi za simu ukimwonyesha akiwa nyumbani, maana mbele ya daktari mtoto anaweza akajikunja tu mapajani mwako. Kama una ndugu Moshi, hospitali ya KCMC nao wana huduma hiyo, na ndipo wataalamu wa tiba kwa vitendo wanapofundishwa.

Pia andikisha jina vituo viwili vitatu kwa mpigo, kisha piga kila Jumatatu. Mimi nilipata nafasi hivyo, kuna mzazi alihama.

Mkisubiri, usikae bure. Wangu alikuwa anavuta mkono wangu hadi kwenye jagi. Nikawa sinywi wala simmiminii mpaka nimetamka "maji" taratibu, tunatazamana. Wiki nyingi kimya, siku moja akasema "ma". Nililia jikoni, dada.

Na anayekuahidi dawa ya kuuponya usonji, usimpe hela yako.