Dawa ya ng'ombe kwa mbwa mwenye viroboto: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama dawa ya kuogeshea ng'ombe inamfaa mbwa wako mwenye viroboto, maana jirani anaitumia na mbwa wake wapo. Hata wangu wapo. Ila mmoja aliponea chupuchupu, na kosa lilikuwa langu.

Mbwa wangu wawili walikuwa wakilala ubavuni mwa banda la kuku wa kienyeji. Wakapata wale viroboto weusi wa kuku, wanaong'ang'ania masikioni kama mbegu za mchicha. Dukani nikapimiwa dawa kwenye chupa tupu ya maji, bila lebo: "vifuniko viwili, ndoo moja." Nikaongeza vitatu vya kwangu ili ikolee! Jioni nikawaogesha, maji yaliyobaki nikayaacha kwenye karai. Usiku ule wa joto, jike akayanywa.

Asubuhi ukimwita anafumbua macho tu. Akisimama anayumba kama mlevi, na mwili wa baridi. Mama akaja na maziwa. Wengi wetu tumekua tukiambiwa maziwa yanakata sumu. Hayakati, na mbwa aliyelegea hivyo ukimnywesha yanaweza kuingia mapafuni. Kumtapisha ndiyo usijaribu kabisa, kwani nyingi ya dawa hizi zimechanganywa na vimiminika jamii ya mafuta ya taa.

Daktari wa mifugo alipofika aliuliza kwanza, "Dawa gani?" Nikamwonyesha chupa ya maji. Aibu niliyoipata siku ile!

Swali lake lilikuwa na maana. Dawa za jamii ya oganofosfeti humtoa mbwa mate na machozi, humharisha na kumtetemesha, na mboni za macho hubana. Hapo sindano ni atropini. Amitrazi, aina nyingine ya dawa ya kuogeshea, humsinzisha, hushusha mapigo ya moyo, hupoza mwili na kupandisha sukari kwenye damu, na atropini inaweza kumzidishia. Dalili zilimwelekeza kwenye amitrazi, lakini alitaka uhakika. Nikakimbia dukani kusoma kopo: amitrazi, asilimia 12.5. Akamwekea dripu, tukamfunika blanketi na chupa za maji ya uvuguvugu. Siku ya pili akala.

Kinachoniuma zaidi: amitrazi ni ya kupe na utitiri. Viroboto haiwawezi! Nusura nimuue mbwa kwa dawa isiyotibu ugonjwa wake.

Siku hizi nanunua dawa ya mbwa yenye lebo yake, ya uzito wake, na kopo silitupi. Nikiwaogesha nawatenganisha mpaka wakauke, wasirambane. Yanayobaki nayamwaga papo hapo kwenye shimo, mbali na kisima na mto. Kama una paka, kuwa macho na dawa ya mbwa yenye pamethrini. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, atatetemeka mpaka degedege.

Na kazi kubwa haiko kwenye manyoya ya mbwa. Mayai ya viroboto huanguka chini, anapolala. Mimi nilihamisha banda la kuku, nikachoma takataka zote za pale, magunia wanayolalia mbwa nikayachemsha na kuyaanika juani. Nilirudia kila wiki, maana viroboto wachanga walio ndani ya vifuko vyao hawaguswi na dawa.

Wako ana umri gani, na uzito wake? Kama bado ananyonya, usimpake chochote kabla hujaniambia.